Mbwa wa Njombe kuhamia Dar: aje na wewe mwezi wa kwanza au asubiri?

Swali limetoka kwa dada mmoja nesi, yupo Njombe mjini. Kaandika hivi: "Shikamoo daktari. Nimepata uhamisho kuja Dar, natakiwa kuripoti mwezi wa kwanza. Nina mbwa wangu dume anaitwa Jeki, chotara wa German Shepherd, ana miaka minne, manyoya mazito kweli. Alichanjwa akiwa mdogo tu, baada ya hapo sikuendelea. Nyumba ya kupanga nimeshapata Chanika. Wengine wananiambia nimnyoe, nimpe Piriton nimpakie kwenye buti la basi, wengine wanasema nimuache huku huku maana Dar hatoboi. Mimi siwezi kumuacha. Nifanyeje?"

Marahaba dada yangu, na hongera kwa uhamisho.

Nikujibu kwa kifupi kwanza halafu nifafanue. Jeki Dar anatoboa vizuri tu, mbwa wenye damu ya German Shepherd wamejaa huku, wapo Mbezi, wapo Kigamboni, na wanazeeka. Ila usimlete mwezi wa kwanza kama una ndugu au jirani unayemuamini anayeweza kukaa naye. Wewe tangulia, ripoti kazini, ishi kwenye hiyo nyumba ya Chanika uijue, halafu Jeki afuate mwezi wa sita au wa saba. Najua sio ulichotaka kusikia na najua miezi mitano ni mingi kwa mtu aliyezoea kurudi nyumbani akapokelewa na mbwa wake, lakini ungekuwa mbele yangu hapa kliniki ningekwambia hivyo hivyo.

Shida kubwa ni joto. Njombe ipo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na Jeki amekua kwenye baridi hilo, manyoya yake yamejipanga kwa ajili ya hilo. Dar kuanzia Januari mpaka Machi mchana unafika nyuzi 32 na zaidi, na tatizo sio namba peke yake, ni unyevu. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, ana vitezi vichache tu kwenye nyayo. Joto la mwili analitoa kwa kuhema, ulimi nje, unyevu wa mdomoni unakauka na unaondoka na joto. Sasa hewa ya huku mwezi wa pili imejaa maji, nguo ukianika jioni asubuhi unazikuta bado zina ubichi, kwahiyo na ulimi wa mbwa nao haukauki, anahema na kuhema na joto linabaki ndani. Njombe Jeki akihema dakika tano anapoa, Dar anaweza akahema usiku mzima na asipoe.

Na mwili wa mbwa unazoea joto, ila kwa wiki kadhaa, wengine miezi miwili. Akija mwezi wa sita anakuta kipupwe, mchana nyuzi 28 au 29, usiku panapoa, anaanza na hali anayoiweza, halafu ikifika Oktoba joto linapanda kidogo kidogo na yeye anapanda nalo. Akija Januari anatupwa kwenye kilele siku moja. Mbwa wa bara wanaoletwa kwangu wakiwa hoi kwa joto ni wale waliofika kipindi cha kiangazi, na mara nyingi ni ndani ya siku chache tu tangu wafike.

Kuhusu kumnyoa, hapana, tafadhali usimnyoe. German Shepherd ana manyoya ya aina mbili, ya juu marefu magumu na ya ndani laini kama sufi. Yale ya juu yanakinga ngozi na jua, ukiyanyoa jua la Dar linapiga kwenye ngozi moja kwa moja, na mara nyingine yakiota tena yanaota vibaya, yanatoka mabaka mabaka. Unachotakiwa kupunguza ni ile sufi ya ndani, na inatoka kwa kuchana, sio kwa mashine. Nunua brashi yenye meno ya chuma, mchane kila jioni wiki kadhaa kabla ya safari, utashangaa mafungu yanayotoka. Ukiendelea hivyo akifika huku mwenyewe atazidi kumwaga manyoya.

Piriton nayo hapana, na dawa yoyote ya kumlevya usimpe kwa ushauri wa mtaani. Mbwa aliyelevywa anashindwa kuhema vizuri na anashindwa kukuonyesha kwamba amezidiwa, unafika stendi unafungua buti unakuta amekufa kimya kimya. Buti la basi ni la mizigo, hewa haizunguki na kwenye foleni linakuwa jiko. Nikiwa hapo hapo kwenye dawa, akiteguka mguu au akawa na homa usimpe panadol, wala diklofenaki, wala ibuprofeni. Watu wengi wanadhani dawa ya binadamu ukipunguza kipimo inakuwa ya mbwa. Diklofenaki inamtoboa mbwa tumbo na kuua figo, panadol inamharibu ini na damu. Wewe ni nesi, dawa hizi unazo nyumbani, ndio maana nakusisitiza.

Sasa hiyo miezi anayokusubiri ina kazi. Chanjo aliyochanjwa akiwa mdogo imeisha nguvu zamani, kwahiyo hesabu kama hana. Kichaa cha mbwa anatakiwa kuchanjwa upya sasa hivi, kisha kila mwaka, na usimsafirishe kabla hazijapita siku 21 mpaka 30 maana kinga inahitaji muda kujengeka. Pamoja na hiyo apate chanjo ya mchanganyiko, ile yenye pavo na distempa, magonjwa ya virusi ya mbwa, na hakikisha ina lepto ndani. Lepto ni ugonjwa unaotoka kwenye mkojo wa panya, na Dar mvua za masika zikijaza mitaro maji yanaingia uani na huo mkojo, mbwa anakunywa au anakanyaga akiwa na kidonda, kwisha. Na unampata binadamu pia. Chanjo ya lepto inataka sindano mbili zikiachana wiki mbili mpaka nne, kwahiyo usisubiri wiki ya mwisho. Ukishachanja, omba kadi iandikwe vizuri, tarehe, jina la chanjo, muhuri, sahihi ya daktari. Kisha nenda ofisi ya mifugo ya halmashauri hapo Njombe uombe kibali cha kusafirisha mnyama, wengi wanadhani ni cha ng'ombe na mbuzi tu. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inazungumzia wanyama, na barabarani ukisimamishwa na kadi na kibali viko mkononi unaongea dakika mbili unaondoka.

Safari yenyewe. Tafuta gari ya kukodi, Noah au pikapu yenye kabini ya nyuma, au ongea na mtu mwenye Fuso ya mizigo ila awe mtu unayemjua na Jeki akae kwa mbele sio juu ya viazi. Njombe mpaka Dar ni karibu kilomita 700, usimpeleke kwa mkupuo. Mimi ningefanya hivi: siku ya kwanza Njombe mpaka Iringa mchana, bado ni baridi haina shida, mnalala Iringa. Siku ya pili mnaondoka saa tisa usiku. Sababu ni kwamba ukishashuka mlima Kitonga unaingia Ruaha Mbuyuni, pale walipo wauza vitunguu, na pale joto linaanza ghafla, mchana panachoma kuliko hata Dar. Ukipita pale usiku Jeki hata hatajua. Alfajiri mnaingia Mikumi, saa mbili asubuhi mpo Morogoro, saa sita mchana mpo Chanika hata mkikuta foleni Kibaha.

Kitonga kona ni nyingi na mbwa asiyezoea gari anatapika. Mpe chakula chake cha mwisho saa kumi na mbili jioni Iringa, baada ya hapo maji tu kidogo kidogo kila mnaposimama, mpaka mfike. Kabla ya safari mzoeshe gari, mpakie hata likiwa limezimwa, mpe kitu anachokipenda akiwa ndani, zunguka nae mtaa, siku nyingine mpeleke Makambako mrudi. Mbwa ambaye mara ya kwanza kupanda gari ndio safari ya kuhama anafika amechoka roho.

Mikumi barabara inapita ndani ya hifadhi karibu kilomita 50, na humo kuna mbung'o. Funga vioo vyote mpaka mmalize hifadhi, na usisimame kumshusha ajisaidie hata akilia, mshushe kabla ya geti au baada. Simba na chui ni sababu moja, lakini mimi mbung'o ndio wananisumbua zaidi kichwani. Mbwa akipata vimelea vya mbung'o anaumwa vibaya kuliko ng'ombe, homa, uso unavimba, na macho yanageuka kuwa na ukungu wa rangi ya bluu na maziwa. Ukiona hayo macho wiki mbili tatu baada ya safari usidhani ni vumbi, mkimbize kwa daktari na umwambie alipita Mikumi, maana daktari wa Dar asipoambiwa hatawaza hilo. Morogoro mkifika pumzikeni. Pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kuna hospitali ya wanyama, ni vizuri kujua ipo kama njiani kitu hakijakaa sawa.

Nimesema joto lakini kinachoua mbwa wengi wageni Dar baada ya miezi michache ni kupe. Njombe kupe wapo ila baridi inawapunguza kasi, huku wanazaliana mwaka mzima. Huyu kupe wa kahawia wa mbwa anaishi ndani ya nyumba. Jike akishashiba damu anashuka kwa mbwa anapanda ukutani anaingia kwenye ufa wa plasta au nyuma ya fremu ya mlango anataga mayai elfu kadhaa. Kwahiyo kabla Jeki hajafika kagua hiyo nyumba ya Chanika. Uliza kama mpangaji wa zamani alikuwa na mbwa. Chukua tochi usiku uangalie nyufa za banda, chini ya tangi, kwenye kona za dari la kibarazani. Ukiona vidude vidogo vyekundu vyeusi vinapanda ukuta, puliza dawa kwanza, ziba nyufa kwa simenti, rudia kupuliza baada ya wiki mbili maana mayai dawa haiyaui.

Na kila jioni mkague kwa vidole, sio kwa macho, manyoya yake mazito hutaona kitu. Anzia masikioni, kunja sikio uangalie kule ndani kwenye mikunjo, shuka shingoni chini ya kola, kwapani, kinenani, halafu nyanyua kila mguu utanue vidole, wanapenda sana kukaa katikati ya vidole na mtu anapasahau. Ukimpata mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi umvute moja kwa moja, usimmwagie mafuta ya taa wala usimpasue kwa kucha. Dawa za kinga zipo za aina nyingi, kuna vidonge vya kutafuna vingine vinakaa mwezi, vingine miezi mitatu, bei imechangamka ila mimi kwa mbwa wa manyoya mazito ndio navyopendekeza. Ukichagua dawa ya kuogeshea pima kwa bomba la sindano kama ilivyoandikwa, usikadirie kwa kifuniko. Na usikubali mtu amchome ivermectin ya ng'ombe, mbwa wa jamii ya wachungaji wengine wana maumbile yanayoifanya dawa hiyo ipande kwenye ubongo, anaweza akapoteza fahamu.

Kupe wanaleta magonjwa mawili ya damu nayoyaona kila wiki. Moja mkojo unakuwa wa rangi ya chai ya rangi, fizi zinapauka. Lingine anaacha kula, homa, anakonda, na wengine wanatoka damu puani bila kugongwa. Yote yanatibika mapema. Zoea kuangalia fizi za Jeki akiwa mzima, zinatakiwa kuwa za pinki na ukizibonyeza kwa kidole weupe urudi pinki ndani ya sekunde mbili. Siku amekataa chakula na fizi zimepauka usimsubirie mpaka kesho. Kama daktari ana mashaka sampuli ya damu inaweza kupelekwa maabara ya veterinari ya serikali pale Temeke.

Chakula nikueleze kitu kimoja tu ambacho watu wa nyanda za juu mnajisahau. Utataka kuja na gunia la dona la kwenu, zuri, la bei nzuri, la kumtosha Jeki miezi mitatu. Usije nalo. Unga na mahindi yakikaa kwenye unyevu wa Dar yanapata ukungu, na ukungu huo unatoa sumu ya aflatoksini, mbwa inamuua ini, na kupika hakuondoi sumu hiyo. Nunua kidogo kidogo, hifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, ukisikia harufu ya ukungu mwaga, usimpe na wala usiwape kuku wa jirani. Maji pia, visima vingi vya Dar ni vya chumvi, mbwa anayanusa anaacha na hivyo anakosa maji wakati ndio anayahitaji kuliko kawaida. Mpe maji yale yale mnayokunywa nyumbani, mabakuli mawili sehemu mbili tofauti, kivulini.

Nyumba ya kupanga sasa. Umesema umepata ila hujasema kama baba mwenye nyumba anajua una mbwa, na mbwa wa ukubwa huo. Mwambie kabla hujalipa kodi ya miezi sita, mwambie ukweli, German Shepherd sio wa kuficha. Majirani wako huku wengi watakuwa Waislamu, na kwao mate ya mbwa ni najisi, akimgusa mtu na ulimi au pua mbichi ile nguo inabidi isafishwe kwa utaratibu wake ndio aswali. Sio kwamba wanamchukia Jeki. Ukipita kuwasalimia siku ya kwanza ukawaambia nina mbwa, atakuwa ndani ya uzio, sitamuacha atembee njiani kwenda msikitini, utaishi nao kwa amani kabisa, na hao hao ndio watakupigia simu akitoroka. Mjulishe na mjumbe. Mbwa wanaozurura wanatupiwa nyama yenye sumu na hapo hakuna wa kumlaumu, kwahiyo geti lifungwe. Wiki tatu za kwanza asitoke bila kamba hata kama Njombe alikuwa anatembea mwenyewe, mbwa aliyehamishwa anatafuta njia ya kurudi kwao na anaishia barabara kuu. Kola yenye namba yako ya simu iwe shingoni kuanzia mnaondoka Njombe.

Akija mtaani akang'atwa na mbwa mwingine, au akimng'ata mtu, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, na mtu aende hospitali siku hiyo hiyo hata kama Jeki ana chanjo. Hilo unalijua kuliko mimi.

Sasa kama huna kabisa wa kumuachia na lazima aje Januari, basi tufanye hivyo kwa tahadhari. Safari ni ile ile ya usiku. Mwezi mzima wa kwanza matembezi ni kabla ya saa moja asubuhi na baada ya saa mbili usiku tu. Mchana akae ndani kwenye sakafu ya tailizi au simenti, feni imuelekee, asifungwe kwenye banda la bati hata saa moja, na usimfunge mnyororo chini ya mti ukaenda kazini, kivuli kinahama yeye hahami. Kazi za nesi zina shifti, tafuta mtu wa kumuangalia mchana.

Dalili zenyewe uzijue. Anahema kwa nguvu ulimi umetanuka mpana kama koleo, mate yanakuwa mazito ya kuvutika, fizi zinakuwa nyekundu sana, anayumba, anatapika. Joto la kawaida la mbwa ni 38 na nusu mpaka 39, hapo ukipima unakuta 41. Usianze kutafuta bodaboda. Mpoze kwanza, mpeleke kivulini, chukua ndoo mmwagie maji ya bomba mwili mzima, tumboni, kinenani, nyayoni, endelea kumwaga huku mwingine anampepea au feni inapiga, usimfunike taulo mbichi ukaliacha maana linashika joto. Asilazimishwe kunywa. Akianza kutulia ndio mpeleke kwa daktari, na mpeleke hata akisimama akatikisa mkia, kwa sababu figo na damu vinaweza kuharibika kesho yake akiwa anaonekana mzima.

Ukishajua tarehe, nitumie uzito wake ili nikuambie kidonge cha kupe cha saizi gani. Kama hamna mzani wa wanyama hapo, mbebe upande nae mzani wa kliniki kwenu, kisha upande peke yako, utoe. Kidonge cha kwanza ameze siku mbili tatu kabla ya kuondoka Njombe, asisubiri afike.